Gemu Iliyoachiwa Upindo

Jumatatu, 2 Machi

Miezi mitano, mwanangu. Miezi mitano hujatia mguu humu ndani, na leo unapiga simu kuniuliza kama nameza dawa za presha. Nameza. Ungekuwa unakuja ungeona mwenyewe kopo limefika wapi. Umekaa huko kambini kuwapikia wajenzi wa reli mpaka nimesahau ukiingia mlangoni unatanguliza mguu gani.

Kwenye simu sikuelezi kitu. Nikisema zito mtandao unakatika, nikisema jepesi unasikika kama uko uvunguni. Kwa hiyo naandika humu, kwenye daftari la vipimo, nimeligeuza naanzia nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, nyuma nipo mimi. Ukija utasoma, na usicheke mwandiko. Shule sikukanyaga, unajua. Herufi nilizipata kwa kuandika majina ya wateja kwenye vipande vya kitambaa na kuvibana kwa pini kwenye nguo zao, na mwaka wa kwanza nilimpa mtu suruali ya jirani yake.

Mpango wenu wewe na mumeo nimeukubali, kwa mdomo. Msimu wote wa mvua mwanao Sindano atalala kwangu siku za shule, na kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili jioni atakuwa kwa mama mkwe wako. Mvua zikikatika, mtoto achague mwenyewe nyumba moja ya kukaa, maana hilo begi limeshachoka kubebwa huku na huku. Mtoto wa miaka minane achague. Haya. Mimi sina wasiwasi. Nimemlea tangu ulipomwachisha ziwa, atamchagua nani?

Ijumaa, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati limevuja palepale. Nimeweka ndoo.

Jumapili, 8 Machi

Sindano amerudi jioni kutoka kwa Bi Roshani. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe wako, kwa ile roshani yake ya ghorofa ya tatu anayosimama kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Kwa kawaida mtoto akirudi anauliza nimepika nini. Leo hakuuliza. Alianza kusimulia kabla hajavua viatu.

Shemeji yako amemletea mama yake mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga. Ndani mna nyumba kuukuu na msichana mwenye taa. Mizuka imevaa mashuka, inajificha nyuma ya mapazia. Ukiimulika inapiga chafya na kupotea. Kuna mmoja mkubwa anakaa kwenye ngazi, huyo hapigi chafya mpaka umulike mara tatu. Nilimenya viazi sufuria nzima na bado alikuwa hajamaliza kumsifia wa kwenye ngazi.

Wakati wa kulala nikatoa zimwi langu. Unalikumbuka, la kabatini, lenye kucha za vijiko. Nawe nilikutisha nalo mpaka ukaingia ndani ya kanga yangu. Lakini mimi sitishi hovyo. Mkono wangu wa kulia unakaa mgongoni mwa mtoto, kati ya mabega, na moyo wake unanigonga kiganjani. Ukilala, naongeza kucha. Ukikimbia sana, zimwi linajikwaa au linashikwa na kwikwi, na mtoto anacheka. Hiyo ndiyo kazi yangu, na hakuna aliyenifundisha.

Leo moyo wake uligonga kama saa ya ukutani. Nikaongeza kucha, nikaongeza meno. Saa ya ukutani. Mwishowe akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya, "Bibi, zimwi lako ni la watoto wadogo."

Nimezima taa. Nina miaka sitini na nane na nimefukuzwa kazi.

Jumatatu, 9 Machi

Sare nne za shule. Zote nimeziachia upindo wa vidole vinne. Watoto wanakua.

Jumamosi, 14 Machi

Nilijifanya mtoto amesahau sweta. Sweta nilikuwa nimelificha mwenyewe. Nikapanda zile ngazi zote na goti langu hili.

Nyumba ya mama mkwe wako inang'aa vigae, hata kivuli changu kilinitangulia. Runinga imejaa ukuta. Na yeye amekaa mbele yake karibu kabisa, pua inakaribia kioo, kwa sababu macho yake yana ukungu na daktari amempangia zamu ya upasuaji isiyofika. Sindano alikuwa amemkalia mapajani. Mapajani, mwanangu. Kwangu anasema amekuwa mkubwa, mapaja yangu yana mifupa.

Bi Roshani anauliza, sasa yuko wapi? Mtoto anajibu, yuko nyuma ya pazia, Bibi, mguu unaonekana. Anauliza, una uhakika si kiatu? Wanacheka wote. Mimi nimesimama na sweta kama aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Alinikaribisha chai. Nikasema nimekunywa. Sikuwa nimekunywa.

Jumanne, 17 Machi

Nimeshona kola kinyume. Nilikuwa nawaza runinga.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimekwenda kwa fundi simu wa kibanda cha kona, yule mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahaulika kichwani. Nikamwambia nataka gemu ya kumtisha mtoto wa miaka minane. Akauliza mtoto amenikosea nini.

Nikamweleza vizuri. Nataka ya kutisha kidogo, ya mtoto kushika mkono wa mtu na kucheka baadaye. Akasema hizo zipo, ila kuzipata ni kuchambua. Ana tableti kuukuu yenye ufa pembeni, ataniachia nikimshonea magauni mawili. Akanionyesha kwamba kila gemu ina namba yake kwenye kona ya picha: saba, tisa, kumi na mbili. Hiyo ni umri.

Nikamwambia hapo tumeelewana, hayo ni mambo ya kazi yangu. Sindano alishaniambia ya kule ghorofani ni namba saba. Saba kwa mtoto wa minane! Nguo ya hivyo ingekuwa imeshambana kwapani. Mimi sijawahi kumshonea mtoto nguo inayomkaa sawasawa siku ileile, kwa sababu wiki ijayo itakuwa fupi na mama yake atanijia na mdomo. Huacha upindo. Nikasema nitafutie ya kumi na mbili, atakua nayo.

Fundi simu akanitazama juu ya miwani. Alisema, mama, namba hizi si za kukua nazo. Nikamjibu ashughulike na simu, mimi nashika watoto na vitambaa tangu yeye hajaota jino.

Ya kwanza ilikuwa na damu, nikasema funga kabla haijafunguka vizuri. Ya pili ilikuwa na buibui, mimi mwenyewe niliinua miguu. Ya tatu ni ukumbi mrefu wenye milango. Unafungua mlango, chumba kitupu. Unafungua mwingine, kuna kabati. Unafungua kabati, hakuna kitu. Sauti alikuwa ameizima kwa sababu ya redio ya jirani, na mimi sikuomba aifungue, sikio langu la kushoto liliondoka na matumbwitumbwi na hili la kulia naliwekea akiba. Nilifungua milango ishirini nikapiga miayo. Nikatazama kona: kumi na mbili. Nikasema hii ndiyo, ina jina kubwa na sura ya upole.

Jumatatu, 23 Machi

Nimempa leo baada ya shule. Fundi simu alinitilia na vile vidude vya masikioni, ili kelele zisinisumbue nikiwa kazini.

Mwanangu, ungeuona huo uso. Alikaa chini karibu na pedali ya cherehani, magoti kidevuni, hapepesi macho. Nilimwekea mkono mgongoni kama kawaida. Moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani yenye mota. Hata kwa zimwi langu siku zake za enzi haukwenda hivyo.

Nikamtoa kidude kimoja sikioni nikamuuliza, na ya kule juu? Akasema ya kule haitishi hivi.

Nimelala na maneno hayo kama mto.

Jumamosi, 28 Machi

Amepanda kwa Bi Roshani. Tableti hakutaka kuibeba, ameiacha chini ya kitambaa. Anaitunza. Mtoto ana adabu na vitu.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sindano hataki kabati lifungwe. Wala hataki liwe wazi. Anataka liwe nusu, na kiti mbele yake.

Ijumaa, 3 Aprili

Amekojoa kitandani. Nimefua kimya kimya kabla hajaamka vizuri, nikamwambia bati limevuja. Bati linavuja upande mwingine, anajua.

Jumatatu, 6 Aprili

Mwalimu wake amenisimamisha getini. Mtoto analala darasani, na leo alikataa kwenda stoo kuchukua chaki, akalia mbele ya wenzake. Mwalimu akauliza nyumbani kuna nini.

Nyumbani kwangu hakuna kitu. Nilitembea mpaka hapa nikiwaza, na nilipofika kwenye maji yale ya barabarani nilikuwa nimeshapata jibu. Ametoka wapi jana? Kwa Bi Roshani. Nani anamwonyesha mizuka kwenye ukuta mzima, mkubwa kama mtu? Bi Roshani.

Basi nikakutumia ule ujumbe wa sauti. Unaukumbuka, uliusikiliza mara mbili, uliniambia. Nilisema mama mkwe wako anamharibu mtoto. Nilisema mwanamke asiyeona hawezi kujua mtoto anatazama nini. Hilo la macho nililitunga njiani na nililipenda, nikalirudia.

Ukajibu kwamba mtoto asipande tena mpaka mtakapoongea na mumeo. Nikaweka simu chini nikashona zipu tatu bila kukosea hata tundu.

Jumamosi, 11 Aprili

Jumamosi yangu. Tumebaki wawili na mvua. Nimemkaangia mayai. Amecheza mpaka chaji ikaisha, na ilipoisha akasema asante, sijui alimshukuru nani.

Jumapili, 12 Aprili

Shuka tena.

Jumatano, 15 Aprili

Tulipita chini ya ile ghorofa tukitoka shule. Njia fupi ni nyingine, lakini mimi nilitaka hii. Nilimshika Sindano mkono juu juu, uonekane. Bi Roshani alikuwa amesimama pale pake. Mtoto akapunga mkono. Yeye hakupunga. Nikafurahi, nikasema moyoni, amenuna.

Tulipofika kona ndipo nikakumbuka macho yake. Hakutuona. Alikuwa anatazama upande wa shule tu, saa ile ya watoto kutoka.

Jumamosi, 18 Aprili

Ya leo usome polepole.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Nilikuwa nabana mshono wa mteja, Sindano yuko sakafuni na tableti. Mlango ukagongwa. Kufungua, ni Bi Roshani. Ameshuka ghorofa tatu na kuvuka barabara peke yake, viatu vimejaa tope kwa sababu dimbwi hakuliona. Kifuani amekumbatia mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kuna nguo za kulalia za Sindano, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mwili wote umelowa isipokuwa huo mfuko.

Sikumkaribisha. Mwanangu, sikufichi, nilisimama mlangoni kama komeo. Mtoto alipomsikia aliacha tableti juu ya meza ya kukatia, akaingia chini ya cherehani.

Bi Roshani akasema, "Mkwe, nimekosa nini? Mwanangu ananiambia mtoto asije, hasemi kwa nini. Nimesema nije niulize kwa mwenye kujua."

Nikamwambia. Niliyaeleza yote, kitanda, kabati, mwalimu, chaki. Nilimwambia mizuka yake ndiyo imemfikisha mtoto hapo. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, maji yanamdondoka kwenye kitambaa cha kichwani. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba yeye ile gemu haioni. Anaona mwanga na vivuli. Mtoto ndiye anayemsimulia, huyu kaingia chini ya meza, huyu yuko ngazini. Na yeye anasikiliza sauti ya mtoto. Sauti ikianza kupanda na kuwa nyembamba, anasema tuzime, koo limenikauka, tupike chai. Hawajawahi kuvuka hapo.

Halafu akaniuliza, "Kwangu hajakojoa kitandani hata siku moja. Kwako ni mara ngapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na neno, tena la kukata. Lakini yeye alikuwa ameshainua mkono kuninyamazisha, amegeuza sikio upande wa ndani.

"Mkwe," akasema, "nani anapumua humu ndani?"

Mimi sikusikia mtu. Nikamwambia ni mvua. Akasema mvua haivuti pumzi. Akaingia, akanipita, anapapasa ukingo wa meza, mpaka vidole vikafika kwenye vile vidude vya masikioni. Alichukua kimoja, akakitia sikioni. Nilikuwa naangalia uso wake. Uso ule huwa haubadiliki upesi, ni mwanamke wa kujizuia. Ulibadilika. Akakitoa, akanitafuta kwa mkono, akanitia kwenye sikio langu la kulia.

Mtu alikuwa anapumua. Si mbali, hapa nyuma ya shingo yangu, pumzi za mtu aliyekimbia na sasa anajibana asisikike. Nikageuka. Hakukuwa na mtu, ni ukuta na kalenda. Kwenye kioo cha tableti ni ule ukumbi tu, milango yake ile, hakuna kitu. Kisha akacheka. Kidogo tu, kama mtoto aliyejificha mahali na anajua hutamwona.

Nilikitoa sikioni kwa nguvu hata kikakatika waya.

Milango ishirini niliyofungua kwa fundi simu nikipiga miayo, yule alikuwa nyuma yangu yote ishirini. Na mtoto wangu amekaa naye wiki nne, tena nimemtia masikioni kwa mkono wangu. Nilimwekea mkono mgongoni nikausikia ule moyo. Hilo ndilo linalonimaliza. Sikuambiwa na mtu, niliusikia kwa kiganja changu hiki. Siku zote moyo ukikimbia hivyo nilikuwa nalikwaza zimwi. Safari hii niliuhesabu kama ushindi.

Nikapiga magoti, goti likalia, nikaingiza kichwa chini ya cherehani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alizungusha uzi kidoleni. Kisha akasema, "Ningekuambia ungeizima. Halafu kwako kungekuwa hakuna gemu, na kule ipo."

Umeona. Alikuwa ananifichia aibu. Mtoto wa miaka minane amelala na yule kiumbe nyuma ya shingo ili bibi yake asishindwe.

Bi Roshani alikuwa bado amesimama, mfuko mkononi, hajui kiti kiko wapi. Nikamshika kiwiko nikamkalisha. Nikampa kanga yangu ile nzuri ajifute. Hakusema, "Unaona!" Ningekuwa mimi ningesema.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekupigia. Ulilia, kisha ukanifokea, na kila neno nililistahili. Nilikuambia lile la macho ya mama mkwe wako nilikuwa nimelitunga. Ukauliza kwa nini, Mama? Nikasema nilikuwa na wivu. Mtandao, ambao hukatika nikisema mazito, leo haukukatika.

Gemu ya milango imefutwa. Fundi simu ameifuta mbele ya mtoto, mtoto akaona kwa macho yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Kabati limefungwa usiku, kiti bado kipo.

Jumamosi, 25 Aprili

Sindano ndiye aliyelileta. Alisema anataka kuogopa tena, lakini vizuri. Tukamuuliza vizuri ni vipi. Akasema kama zamani, Bibi akiwa na mkono.

Basi leo wanawake wawili wazima tumekwenda kibanda cha kona kuchagua gemu za watoto. Fundi simu alipotuona tumeshikana mkono, mtu na mkwewe, alivaa miwani zote mbili.

Tumepanga kazi hivi. Mimi naangalia, sauti imezimwa. Bi Roshani amenipa mgongo na vidude masikioni, anasikiliza. Nikiona kitu kisichofaa nagonga meza. Akisikia kitu kisichofaa anagonga yeye. Ikipita bila kugongwa, mtoto anaijaribu mbele yetu, mkono wangu mgongoni. Na namba ya umri haizidi ya kwake hata kidole. Hofu haiachiwi upindo. Hilo nimelilipia mimi, wewe lichukue bure.

Tulibishana, usidhani. Kulikuwa na moja ya popo wenye kofia, mimi nikasema inafaa, yeye akagonga meza, akasema popo mmoja analia kama mtu aliyefiwa. Kulikuwa na ya msitu yenye muziki mtamu, yeye anatikisa kichwa anafurahia, mimi nikagonga, kwa sababu kwenye miti kulikuwa na nyuso. Watu wakakusanyika nje ya kibanda. Mteja mmoja akauliza sisi ni wakaguzi kutoka wapi. Bi Roshani akajibu, tumetumwa na mtoto.

Zimepita mbili. Ya konokono anayepita makaburini na mshumaa kichwani, mifupa inatoka kumsalimia na kudondosha vidole. Na ya bibi kizee anayetafuta paka wake kwenye nyumba inayobadilisha vyumba. Kwenye hiyo ya pili moyo wa Sindano ulikimbia, nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu mishono. Nilipofika tisa ulikuwa umerudi, na mtoto anacheka. Nimeamua kipimo ni kumi.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua kidogo. Nimepanda naye leo, sikubaki. Nimekunywa chai.

Alhamisi, 7 Mei

Mwalimu anasema amechangamka. Ndoo imejaa mara moja tu wiki nzima.

Jumamosi, 9 Mei

Sindano amemkalia tena Bi Roshani mapajani. Nilikuwa karibu, mkono mgongoni mwa mtoto, moyo wake ulikuwa mzuri. Wangu ndio ulikuwa mbaya. Usifikiri nimepona. Nikiona mapaja yale nachemka kama sufuria yenye kifuniko.

Jumapili, 17 Mei

Siku sita jua tupu. Nimeingiza ndoo uvunguni.

Jumamosi, 23 Mei

Amechagua. Wewe ulikuwa kwenye simu, umesikia maneno, lakini uso wangu hukuuona, kwa hiyo nakuandikia uso.

Alisimama katikati ya vigae vya Bi Roshani, mikono nyuma, kama anayesoma shairi shuleni. Akasema atakaa kwa Bibi wa juu. Mimi nilikuwa nimetengeneza tabasamu tangu asubuhi, la ushindi. Liliganda. Nilihisi likining'inia usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Akaendelea, hilo ndilo ulilosikia vibaya kwa sababu ya upepo. Alisema Bibi wa juu haoni, hata ngazi haoni, anahitaji mtu wa kumwambia. Kisha akanigeukia, "Wewe unaona, Bibi. Tena unaona mpaka visivyokuwepo."

Bi Roshani alicheka, kisha akashika mdomo. Mimi nilichelewa kidogo, halafu nikacheka pia, nikalia pia, vyote kwa pamoja, ovyo kabisa.

Sindano akasema bado ana sharti. Kila siku jioni, nikifunga cherehani, nipande. Gemu bila mkono haipendi, na zimwi analitaka Ijumaa, lakini liongezwe kucha. Bi Roshani akasema ameshanisikia ngazini mara nyingi, goti langu analijua kabla ya hodi, atakuwa anaweka maji ya chai ninapofika ghorofa ya pili.

Nimeshuka na begi tupu. Limechakaa kona zote. Nitalitia viraka.

Jumapili, 24 Mei

Nyumba kimya. Kabati nimelifungua lote, nimelifunga lote. Hakuna mtu wa kuniambia liwe nusu.

Nina wivu, mwanangu. Naandika kwa herufi kubwa ili usihitaji miwani. Namwonea wivu kwa kikohozi cha mtoto cha asubuhi, kwa soksi zilizopotea, kwa kuulizwa umepika nini. Lakini jana, tukiwa kwenye konokono, mkono wangu ulikuwa mgongoni mwa Sindano na mkono wa Bi Roshani ukaja kutafuta palepale, ukaukuta wangu. Hakuuondoa. Tukasikiliza wote wawili. Ulirudi kwenye saba.

Kurasa zimekwisha, nimefikia viuno vya watu. Sasa sikia. Ukija, panda naye mtoto akicheza, na usimuulize kama anaogopa, maana watoto hujibu wanachodhani unakitaka. Weka kiganja kati ya mabega yake, uhesabu mpaka kumi. Ukifika kumi na bado unakimbia, zima, sema koo limekukauka. Mama mkwe wako msalimie kwa adabu zote, mletee zawadi kubwa kuliko yangu, nimekuruhusu.

Ila begi lako lilale kwangu.